Naomba ushauri: mdogo wangu ni dhaifu, au ni mwovu?

Kifungua Mimba:
Ndugu zangu, naleta jambo lililoninyima usingizi, nikiomba mnishauri kwa uzito unaostahili.

Mama yetu alipoambiwa afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho, sisi watoto tulichanga fedha, tukamkabidhi mdogo wangu wa kiume kwa kuwa ndiye anayeishi naye. Siku ya kwenda hospitali ilipokaribia, alisema daktari ameahirisha. Ilipokaribia tena, akasema vilevile. Mara ya tatu nilikwenda kuuliza mwenyewe, nikaambiwa hakuna aliyeahirisha chochote. Fedha zote zilikuwa zimeishia kwenye kamari.

Nilipomwambia kuwa nimetoka hospitali, hakubisha. Aliingia chumbani, akatoka na daftari dogo, akaliweka mezani, akasimama akitazama sakafu. Ndani yake alikuwa ameandika kila kiasi alichochukua pamoja na tarehe, na pembeni neno moja: "nitarudisha". Nilihesabu mistari 17. Mistari minne ya mwisho haikuwa na neno hilo. Ilikuwa na tarakimu tupu.

Dada yangu anasema kwamba mtu anayemwona mama yake akipapasa ukuta kutafuta mlango, kisha akamdanganya usoni, ni mwovu, na machozi yake hayabadilishi kitu. Moyo wangu unakataa, ila nachelea kwamba unakataa kwa sababu nimembeba mgongoni tangu akiwa mchanga. Je, udhaifu na uovu hutofautishwaje? Na nikishatofautisha, nifanye nini?

Mwalimu Mstaafu:
Pole sana, dada. Swali lako ni la kale. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alimtenga mtu anayelijua jema lakini akashindwa na tamaa yake, na mtu aliyeuchagua ubaya akauona kuwa ndio njia inayomfaa. Wa kwanza hujuta, wa pili hana la kujutia. Aliufananisha uovu na maradhi yasiyomwachia mgonjwa, na udhaifu na kifafa, ambacho huja na kuondoka. Akaongeza jambo ambalo naliona zito kuliko yote: mwovu hautambui uovu wake, ilhali aliye dhaifu anaujua udhaifu wake.

Kwa kipimo hicho, daftari la mdogo wako linasema mengi. Aliyedhamiria kuiba haweki hesabu ya deni. Mtume Paulo naye aliandika kwamba lile jema alipendalo halitendi, bali lile baya asilolipenda ndilo alitendalo, na sijapata kusikia mtu akimwita mwovu kwa kukiri hivyo.

Mpima Maneno:
Kwa heshima zote, Mwalimu, nahofia tunamfariji dada yetu mapema mno. Katika majaribio yaliyoanza mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwanasaikolojia Stanley Milgram aliwaamuru watu wamchape mwenzao kwa umeme kila anapokosea jibu. Umeme haukuwa wa kweli, lakini wao hawakujua hilo. Katika jaribio linalotajwa zaidi, watu 26 kati ya 40 walifika kiwango cha mwisho, volti 450. Wengi walitetemeka na kutokwa jasho, lakini waliendelea kubonyeza. Sidhani kwamba walikuwa waovu, ila kutetemeka kwao kusingepunguza hata volti moja mwilini mwa mtu yule.

Ndiyo maana sikubali kwamba majuto peke yake ni ushahidi wa kutosha, kama nisivyokubali kwamba ukubwa wa madhara ni ushahidi wa uovu. Mimi natazama uongo. Kushindwa na tamaa saa moja usiku ni udhaifu, lakini kutunga kauli ya daktari, ukaikumbuka, ukairudia kwa utulivu wiki nyingine, kunahitaji nguvu ya nafsi ambayo mtu dhaifu husemekana hana. Isitoshe, mnaisahau mistari minne. Mtu haamki siku moja akiwa mwovu. Huacha kwanza kujiahidi.

Mama wa Watatu:
Mdogo wangu, mimi nasema kama mama. Qur'ani inaitaja nafsi inayoamrisha maovu, na inaitaja pia nafsi inayojilaumu. Zote mbili zimo ndani ya mtu mmoja, na kinachobadilika ni ipi inayosikilizwa. Kwa hiyo usitafute jina la kumbandika mdogo wako, maana ukimwita mwovu utakuwa umemwondolea sababu ya kupambana, na ukimwita dhaifu tu atajikinga kwa neno hilo kila atakapoanguka.

Msamehe ukiweza, lakini fedha isipite tena mkononi mwake. Huko si kumwadhibu, ni kumwondolea asichoweza kukibeba. Gharama ya upasuaji aichangie kwa jasho lake, hata kama ni kidogo. Halafu muulize mambo mawili: kwa nini aliacha kuandika lile neno, na kama yuko tayari kumwambia mama yenu ukweli kwa kinywa chake. Kulia mbele yako baada ya kukamatwa hakumgharimu kitu. Kusema mbele ya mama, ambaye bado anaamini kwamba daktari ndiye anayechelewesha, kutamgharimu.

Kifungua Mimba:
Nimewasoma wote, na nimekiri moyoni kwamba Mpima Maneno ameniumiza kwa haki.

Nimemuuliza leo kuhusu ile mistari minne. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba alishindwa kuandika neno ambalo alikwisha kujua kuwa ni uongo. Nikamuuliza, na kuchukua fedha mbona hukushindwa? Hakunijibu. Baadaye, nikiwa nimeshasimama kuondoka, aliuliza kama mama atakuwa macho kesho asubuhi. Nimemwambia nitakuwepo, lakini sitasema neno lolote kwa niaba yake.