Nauli ya kazini kabla ya mshahara wa kwanza: tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu,

Ukipata kazi watu wote wanakupongeza, na kuanzia hapo hakuna anayekuuliza tena kama una hela. Wanajua umeshaula. Wewe ndiye unayejua kwamba kazini ni mbali, kufika kunataka mabasi mawili, na mshahara hulipwa mwezi ukishafanyiwa kazi. Kati ya siku ya kuripoti na siku ya kulipwa kuna wiki nne, tano, hata sita za nauli ya kwenda na kurudi, na zinakukuta umetoka kukaa bila kazi, akiba ilishaisha zamani, na wa kuwakopa ulishawakopa.

Mdogo wangu yuko hapo sasa hivi. Anaripoti Jumatatu, na kinachomnyima usingizi si kazi, ni nauli. Naomba mseme mlichofanya nyie wenyewe. Mawaidha ya kujiwekea akiba tuyaweke kando kwa leo, hana cha kuweka.

Mhasibu wa mishahara

Mimi niko upande wa pili wa meza, ndiye ninayeandaa hiyo mishahara, kwa hiyo nianze na swali ambalo wageni wengi hawaliulizi: orodha ya mishahara inafungwa lini? Kampuni nyingi hazingoji mwisho wa mwezi ndipo zianze kupiga hesabu. Majina yakusanywe, makato yapigwe, wakubwa wasaini, ndipo iende benki. Orodha inaweza kufungwa siku kumi au zaidi kabla ya siku ya malipo. Ukiripoti tarehe 22 wakati orodha imefungwa tarehe 20, jina lako linaingia mwezi unaofuata. Siku ulizofanya hazipotei, utalipwa zote kwa pamoja, lakini utakuwa umesafiri zaidi ya wiki tano hujaona chochote.

Na hata ukiiwahi orodha, mwezi wa kwanza unalipwa siku ulizofanya tu. Aliyeanza tarehe 16 asitegemee mshahara uliotajwa kwenye barua ya ajira, ajue ni kama nusu yake, na makato bado.

Kingine ni makaratasi. Nimeona mshahara wa mtu unakwama kwa sababu jina la kwenye akaunti ya benki limepishana na la kitambulisho herufi moja. Mtu kafanya kazi mwezi mzima, anakuja kuambiwa alete barua kutoka benki. Kila kitu kikabidhiwe siku ya kwanza, na uulize kwa mdomo wako kama kimeingizwa.

Sasa karadha, yaani kupewa sehemu ya mshahara kabla ya siku ya malipo, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Kwenye kanuni nyingi za utumishi imeandikwa kuwa karadha ni ya waliothibitishwa kazini, na aliye kwenye kipindi cha majaribio hahusiki. Lakini wakuu, kutokuwa na haki nayo na kunyimwa ni vitu viwili. Nimelipa karadha ya mtu mwenye wiki moja kazini kwa sababu mkuu wa idara yake alisaini. Anayetupa shida ni yule anayekuja kuomba "chochote kile". Andika kiasi: nauli ya siku moja, mara siku za kazi zilizobaki hadi tarehe ya kulipwa, na useme unakubali ikatwe kwa mkupuo mmoja au miwili. Usiombe nusu ya mshahara kwa sababu tu umeona wamekubali. Mwezi wa pili utakuja kunilaumu mimi.

Mleta mada

Mkuu nashukuru sana. Habari ya kufungwa kwa orodha hakuna aliyemwambia. Lakini dogo anaona aibu, anasema ataanzaje kuulizia hela hata kiti hajakikalia?

Muuguzi wa usiku

Aanze na tarehe, asianze na hela. Kuuliza "mshahara unaingia tarehe ngapi na orodha inafungwa lini" si kuomba, kila mwajiriwa anatakiwa kujua. Mimi niliuliza kwenye simu ileile ya kuambiwa nimepata. Dada wa utumishi akanijibu, halafu yeye mwenyewe ndiye akaniuliza nakaa wapi. Kumbe kulikuwa na gari la wafanyakazi linalowarudisha wa zamu ya usiku, na halikuwa limeandikwa popote kwenye barua yangu. Nikaomba nianze na zamu za usiku kuliko za mchana. Kurudi kukawa bure, nikabaki na nauli ya kwenda tu.

Nyongeza: ukitafuta wa kukupa lifti, anayejua nani anakaa wapi si afisa utumishi, ni mlinzi wa getini. Yeye ndiye anayeona nani kaja na nani. Msalimie vizuri siku ya kwanza.

Mpakia mizigo

Mimi nilichapa lapa. Asubuhi napanda basi, jioni natembea. Kwa nini si kinyume chake? Kwa sababu ukichelewa kufika kazini wiki ya kwanza unajulikana kwa hilo, ukichelewa kufika nyumbani hakuna anayeandika. Halafu asubuhi huwezi kuingia kazini umelowa jasho, jioni umeshalowa hata hivyo.

Mwendo wa kawaida wa mtu mzima ni kama kilomita 5 kwa saa, kwa hiyo pima umbali wako kabla hujajipa moyo. Kilomita 6 unazimudu. Kilomita 15 ni saa tatu, na kesho kuna kazi, huo mwili unautoa wapi? Kwa umbali huo fanya nusu. Pale ambapo nauli hupangwa kwa vituo, mara nyingi kuna kituo ambacho ukipandia hapo nauli inashuka, au unaondokana na basi la pili kabisa. Mimi nilikitafuta siku ya mapumziko kwa miguu, nikakuta nikitembea kama nusu saa tu naokoa basi zima. Viatu vya kazi viwe kwenye begi, tembea na vile ambavyo hutavililia vikiisha.

Dada wa mapokezi

Kaka hapo juu, hiyo ya jioni inategemea wewe ni nani na unapita wapi. Mimi natoka kazini giza limeingia, siwezi kuokoa nauli kwa kuhatarisha maisha. Nilifanya kinyume chako: alfajiri kukishapambazuka, wenye safari yao wakiwa barabarani, natembea kipande cha kwanza, jioni napanda hadi karibu na mlango. Jasho nililimaliza kwa kufika mapema na kubadilisha blauzi chooni.

Niseme pia kuhusu mikopo ya kwenye simu, maana najua kuna mtu atakuja kuitaja. Nilipiga hesabu yake nikaacha. Kwa mfano, ukikopa 100 ukarudisha 110 baada ya siku 30, unasikia asilimia 10, inaonekana ndogo. Kwa mwaka hiyo ni asilimia 120. Lakini kwangu hata riba haikuwa shida kubwa. Shida ni tarehe. Mkopo nilioutaka mimi ulikuwa unatakiwa kurudi baada ya wiki mbili, na mshahara wangu uko mwezi na kitu mbele. Maana yake ningekopa wa pili kulipa wa kwanza, na wa tatu kulipa wa pili, kabla sijashika hata senti ya kazi. Kama mtu hana njia nyingine basi ahakikishe siku ya kurudisha inakuja baada ya siku ya kulipwa, tena aache siku kadhaa katikati, mishahara inachelewa.

Nilichofanya ni kumwomba shangazi. Sikumwomba nauli ya mwezi mzima, nilimwomba nauli ya wiki, kila Jumapili. Mwezi mzima ni hela kubwa, mtu anashtuka. Ya wiki anaitoa, na akiona kweli unaamka unakwenda, wiki ya pili hakuulizi maswali. Kwangu ilikuwa na faida nyingine: hela ya mwezi ikikaa mkononi inaliwa na mambo mengine.

Mchangiaji mwingine

Mimi nilihamia kwa binamu anayekaa karibu na kazi. Jumatatu hadi Ijumaa kwake, wikiendi nyumbani. Nauli ikawa mara moja kwa wiki. Sharti ni moja, usikae kama mgeni. Fua, osha vyombo, ulale wa mwisho uamke wa kwanza, na uwaambie tarehe ya kuondoka kabla hawajaiuliza wao.

Msimamizi wa zamu

Naomba niongee kama bosi mdogo. Kila tunapoajiri kuna mtu anakuja wiki mbili vizuri kabisa, ya tatu anaanza kukosa, ya nne haonekani. Ofisini wanasema vijana wa siku hizi wavivu. Nilipoanza kuwapigia simu nikagundua wengi wao nauli imeisha na wameona aibu kusema. Mtu ameacha kazi aliyoitafuta muda mrefu kwa sababu ya nauli ya siku chache!

Ninachoweza kufanya kama umeniambia mapema: nakubadilishia zamu usafiri saa za nauli nafuu kama kwenu zipo, nakuunganisha na mwenzako mwenye pikipiki, nakupangia siku chache ndefu badala ya siku nyingi fupi kama kazi inaruhusu. Kwa mtu anayelipa nauli kwa siku, siku nne za saa kumi na siku tano za saa nane ni saa zilezile arobaini, ila nauli ya siku moja imebaki mfukoni. Ninachoshindwa kufanya ni kumtetea mtu ambaye hakutokea na simu imezimwa. Niambie Alhamisi kwamba Jumatatu hutakuwa na nauli. Ukiniambia Jumatatu saa nne, mimi nimeshaandika umekosa.

Mwanachama wa chama cha wafanyakazi

Msimamizi kasema vizuri, lakini tusiishie kwenye huruma ya bosi. Kuna nchi zimeona hili ni suala la sheria. Brazili tangu 1985 ina sheria ya hati za nauli, mwajiri anazitoa mapema kabla safari haijafanyika, na mfanyakazi anakatwa kisichozidi asilimia 6 ya mshahara wake wa msingi, kinachozidi hapo ni cha mwajiri. Ufaransa mwajiri anabeba nusu ya bei ya tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma. Uliza kwenu kuna nini: sheria, mkataba wa hali bora kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, au hata kifungu kwenye barua yako ya ajira. Posho ya usafiri ikiwepo, uliza inalipwa mwanzo wa mwezi au pamoja na mshahara. Ikilipwa na mshahara haikusaidii sasa.

Kuhusu tiketi ya mwezi yenyewe, ndiyo nafuu kuliko kulipa kila siku, ila lazima uwe na hela yote kwa mara moja, yaani asiye nayo ndiye anayelipa zaidi. Waajiri wengine huinunua wao kisha wanakukata kidogo kidogo bila riba. Kwa mwajiri ni rahisi kukubali kuliko karadha ya fedha taslimu, maana anaona hela inakwenda wapi.

La mwisho. Anayekuambia ulipe kwanza "hela ya usafiri", ya sare au ya mafunzo ndipo uanze kazi, mkimbie. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1949, unakataza kukata mshahara wa mfanyakazi ili kumlipa mwajiri au dalali kwa ajili ya kupata kazi au kubaki nayo. Matapeli wanapenda sana watu walio kwenye hali kama ya huyo dogo, kwa sababu ana hamu ya kazi na ana aibu ya kuuliza.

Fundi umeme

Lifti. Nimeona imetajwa juujuu. Mimi nilipanda gari la mwenzangu kazini hadi nikalipwa, na iliponoga ni pale nilipomwambia siku ya kwanza kabisa: nitakuchangia mafuta kiasi hiki, nitakupa nikilipwa, naandika. Nikaandika kweli, mbele yake. Hakuna kitu kinachoharibu lifti kama mwenye gari kuanza kujiuliza kama wewe umeona ni bure. Mngoje yeye kituoni, asikungoje. Na siku zote uwe na nauli ya safari moja ambayo hugusi, kwa sababu kuna siku ataumwa, au bosi wake atambakiza, na wewe kesho unatakiwa saa moja.

Baiskeli pia inawezekana, ya kuazima. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa unaishinda foleni. Kabla ya kuazima uliza kazini utaiweka wapi, ukiibiwa umeongeza deni.

Mhasibu wa mishahara

Narudi kidogo, kuna jambo nimelikumbuka. Wengi tunawaona wanavuka mwezi wa kwanza kwa shida, wanalipwa, wanalipa madeni yote siku hiyohiyo kwa furaha, na wiki inayofuata wako mlangoni kwangu tena wanauliza karadha. Mshahara ukiingia, nauli ya mwezi unaofuata itoke kwanza, kabla ya shangazi, kabla ya mwenye gari. Kama inawezekana nunua tiketi ya mwezi siku hiyohiyo. Wadai wako uwape tarehe na kiasi, hata kama ni kwa miezi miwili. Wengi wanakubali wakiona umewafuata wewe.

Na dogo aende na nakala ya kitambulisho na karatasi ya benki hiyo Jumatatu. Akikuta orodha bado haijafungwa, aombe aingizwe siku hiyohiyo, asingoje waje wamkumbuke.