MREJESHO: Niliyeuliza kuhusu presha na vyakula vya wazee wetu

Wakuu, salaam. Miezi mitatu iliyopita niliuliza hapa: presha 158/96, kitambi kinakua, je, kurudi kwenye vyakula vya bibi na babu kutanisaidia? Ahsanteni sana mlionijibu, hasa dada aliyenisihi nisiache vidonge. Sikuviacha.

Sembe nimeachana nayo. Nanunua mahindi Tandika, nasagisha dona bila kukoboa. Asubuhi maandazi yamepisha magimbi au viazi vitamu vya kuchemsha. Mboga ni mlenda, matembele, na dagaa wa nyanya na ndimu, chumvi kidogo sana. Soda nimekata. Jioni nashuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani, namalizia kwa miguu.

Juzi nimepima: 136/86, na kilo nne zimepungua. Nimefurahi mno! Ila siwezi kusema ni chakula peke yake, maana na vidonge sasa nameza kwa wakati. Daktari kasema dozi ibaki ileile.

Vilivyoshindikana: ugali wa mtama mtupu watoto waliugomea. Nachanganya na dona nusu kwa nusu, wanakula. Kulala mapema nimeshindwa kabisa, kwa foleni ya Mbagala nafika nyumbani saa tatu usiku.

Unayeanza dona, usisagishe nyingi kwa mkupuo. Kilo kumi zangu za kwanza, kwa joto hili la Dar, zilianza kuwa chungu hata hazijafika nusu. Sasa nasagisha kilo tatu tatu.