Naomba ushauri: mtu aliyesuswa na kijiji kizima namwonyeshaje jukwaani?

Habari wakuu, naandika mchezo mfupi wa jukwaani kuhusu Kapteni Charles Boycott, yule msimamizi wa mashamba ya Lord Erne kule Mayo, Ireland, 1880, wapangaji waliomba kodi ipunguzwe zaidi yeye akataka kuwafukuza, basi wakamsusa jumla, vibarua wakaacha mazao shambani, madukani hauziwi kitu. Kuvuna ikabidi waletwe watu kama 50 toka mbali wakilindwa na askari mamia kwa mamia! Sasa mtu asiyesemeshwa na yeyote unamwandikiaje maneno? Nimewaza wenye duka wapige stori kana kwamba hayupo, ila naogopa watazamaji watamhurumia wawasahau wapangaji, na mimi wapangaji ndo wananiuma. Nianze na kodi au na kule kususwa?