Matokeo yametoka, mtaa haulali

MAJIRANI WA BONDENI
Alhamisi, 23 Januari 2025

Side Boda: Wakuu, matokeo ya fomu foo yametoka. Ya shule yetu nimeshayaona. Kaeni chini kwanza.

Mama Zuu: We Side usitutishe, sema.

Side Boda: Divisheni wani moja. Tuu mbili. Thrii za kuhesabu kwa vidole. Foo ndiyo mzigo, na ziro zimejaa mpaka bando limeniishia nikiwa bado nateremka.

Mama Zuu: Innalillahi.

Baba Neema: Mimi nilishasema humu mkaniona nina maringo. Pale watoto wanashikiliwa tu mpaka wafike umri wa kuendesha boda. Samahani Side.

Side Boda: Hamna noma baba. Nimetoka palepale na boda ninayo 😂

Mjumbe: Ndugu zangu, wazazi wa hao watoto tunao humu. Jina la mtoto lisitajwe.

Baba Neema: Sawa Mjumbe. Lakini taifa zima wanasema ufaulu ni asilimia 92 na kitu. Sisi tunaishi nchi gani?

Dada Nesi: Mwalimu yupo humu, atufafanulie. Shikamoo mwalimu.

Mwl. Mstaafu: Marahaba mwanangu. Hiyo 92 inajumlisha kuanzia wani mpaka foo. Foo unaipata hata kwa D mbili, na D inaanzia alama 30. Kwa hesabu hiyo hata pale kwetu zaidi ya nusu "wamefaulu". Ila ukiwauliza fomu faivu wangapi wanaenda, wanabaki wachache.

Fundi Seremala: Kumbe tunapigiwa makofi ya foo.

Mama Zuu: 📷 Picha
Hilo daftari la Baiolojia la Zuu, kidato cha pili. Tazameni mwandiko, kama umepigwa chapa. Jana nikamwambia nisomee, akasoma vizuri tu Kiingereza chake. Haya, nieleze kwa Kiswahili. Kimya. Anasema mwalimu alimpa kiranja notisi, kiranja akaandika ubaoni, wao wakanakili, kengele ikagonga. Sasa kuzeni picha hapo chini. Amenakili mpaka ile "tazama mchoro ukurasa wa 47". Ukurasa wa 47 wa kitabu gani? Kitabu chenyewe hana!

Dada Nesi: 😭 Mimi nilikuwa hivyohivyo. Shule ya msingi miaka saba Kiswahili, unaingia fomu wani Januari, ghafla kila kitu Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Mwaka wa kwanza mzima nilikuwa nachora maneno.

Baba Neema: Ndiyo sababu Neema nilimpeleka inglishi midiamu tangu chekechea.

Mama Zuu: Baba Neema, basi la njano linapita mlangoni kwangu kila asubuhi nalisikia honi. Hela ya kulipanda sina. Sasa wa kwangu nimfanyeje, nimrudishe tumboni?

Baba Neema: Sijasema hivyo dada yangu.

Mama Zuu: Ndivyo inavyosikika.

Mpangaji wa Kona: Samahani kuingilia, kwenu maji yametoka?

Side Boda: Kwetu yanatoka kwa uzi.

Fundi Seremala: Mimi nawalaumu watoto. Jioni ukipita kijiweni wamejaa na sare zao, simu moja vichwa sita. Enzi zetu mwalimu alikuwa anakufuata mpaka nyumbani.

Side Boda: Fundi, mimi nawaona asubuhi. Wale wa kule machimbo ya mchanga wanatoka giza bado. Wakifika kituoni konda akiona shati jeupe anapiga kelele "denti mmoja tu!" Wako ishirini. Waliobaki wanakimbia kwa miguu, wanafika geti limefungwa, wanaanza siku kwa fimbo. Saa nne tumbo tupu. Hapo unamfundisha Fizikia.

Fundi Seremala: Sawa, lakini wote wanatoka machimboni?

Side Boda: Si wote. Wengine wa hapahapa na ni wavivu kweli, hilo sikatai.

Mwl. Mstaafu: Kuna jambo mnalizunguka. Hesabu. Nchi nzima kila mwaka wanaofaulu Hesabu ni kama robo hivi, kwa hiyo tusijione peke yetu. Lakini pale kwetu mwalimu wa Hesabu alikuwa mmoja kwa vidato vyote vinne, mwezi wa tano akahama kumfuata mwenzi wake. Kidato cha nne wakabaki na mwalimu wa Jiografia, naye ni mwaminifu, alinipigia simu usiku anauliza maswali ya logi. Nilimwelekeza. Asubuhi anakwenda kusimama mbele ya watoto.

Dada Nesi: Yaani mwalimu naye yuko tuisheni 🙆🏾‍♀️

Mwl. Mstaafu: Simcheki. Wangapi wangekubali kulishika somo hilo?

Mjumbe: Mimi roho inaniuma kwenye maabara. Mwaka 2014, wakati wa lile agizo la Rais Kikwete la kila shule ya kata iwe na maabara tatu, nani alipita nyumba kwa nyumba na daftari? Mimi. Wengine humu mlinifungia mlango, nawajua. Bibi mmoja, Mungu amrehemu, alinipa jogoo akasema kauze. Likauzwa, risiti ikaandikwa. Leo nenda kaangalie. Moja haijapauliwa mpaka kesho, moja imekuwa darasa, ya tatu ina masinki hayana bomba, na madawati mabovu yamepangwa hadi dirishani.

Dada Nesi: Hiyo ya tatu ndiyo niliyofanyia mtihani wa Kemia. Bureti, ile glasi ndefu ya kupimia, nilikuwa naichora tu kwenye daftari, kuishika kwa mkono niliishika siku ya mtihani wa taifa. Nilivyokuwa natetemeka, msimamizi aliniambia mwanangu hiyo ni glasi, si nyoka.

Baba Neema: Na bado ukawa nesi.

Dada Nesi: Nikawa nesi kwa C tatu, na kwa sababu shangazi yangu wa Morogoro alinichukua likizo zote nikasome tuisheni. Usinifanye mfano wa kuwapiga wenzangu kaka.

Fundi Seremala: Serikali inaleta hela za shule, tunataka hesabu zake. Elimu bila malipo tangu 2016, sasa zinaenda wapi?

Mwl. Mstaafu: Kiwango kilichopangwa cha ruzuku ya uendeshaji kwa sekondari ni 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Mwaka wa masomo una siku 194. Gawanya.

Side Boda: Haifiki mia na thelathini kwa siku mwalimu.

Mama Zuu: Andazi langu ni mia mbili.

Fundi Seremala: 🤐

Mwl. Mstaafu: Na humo chaki, karatasi za mitihani, umeme, ukarabati. Hesabu ya mapato na matumizi iulizwe, ni haki yetu, bodi ya shule ipo. Ila msidhani kuna gunia limefichwa.

Mama Zuu: Sasa tufanyeje? Shule ya jirani kule wazazi wanachanga, wana kijana kamaliza chuo hana ajira, anafundisha Hesabu kwa kujitolea, wanampa ya nauli na kula.

Baba Neema: Mkianza kuchanga, serikali italala. Mwalimu ni kazi ya serikali.

Fundi Seremala: Hapo naungana na Baba Neema. Tuliambiwa bure, iwe bure. Mimi nina watatu pale, elfu mbili mbili kila mwezi ni debe la mahindi baada ya muda.

Mama Zuu: Serikali ikiamka Zuu atakuwa ana wajukuu.

Mwl. Mstaafu: Mchango wa hiari unaruhusiwa kwa kibali, lazima barua ipite kwa wakubwa wa wilaya. Na mtoto wa asiyechanga asirudishwe nyumbani. Hilo liandikwe wazi, la sivyo mimi simo.

Baba Neema: Kwa masharti hayo nitatoa. Neema hasomi pale lakini nitatoa.

Mama Zuu: Asante jirani. Na lile la basi la njano nimelimeza.

Side Boda: Mimi jioni moja kwa wiki nawarudisha wa machimboni bure, mmoja mmoja. Kupakia mishikaki hapana, trafiki wananijua.

Fundi Seremala: Mimi hela msiniulize. Lakini hayo madawati yaliyorundikwa maabara, niacheni nikayaone. Mengine yamelegea misumari tu, najua mbao zile.

Dada Nesi: Jamani na yule wa wani hamjampongeza.

Fundi Seremala: Huyo ana akili za kuzaliwa.

Mwl. Mstaafu: Huyo ni binti, na alirudia kidato cha pili.

Mama Zuu: Weeee! Mwalimu unasema kweli?

Mwl. Mstaafu: Nilimsaidia kujaza fomu mimi mwenyewe. Alikaa darasa moja na mdogo wake, wakamcheka muhula mzima.

Side Boda: 🔥🔥🔥

Mjumbe: Basi Jumamosi saa kumi alasiri, chini ya mwembe wa ofisi. Agenda: barua ya kibali, na kufungua hiyo maabara fundi aangalie madawati. Mkuu wa shule nimempigia, amekubali. Nani ana ufunguo wa maabara?

Side Boda: Si anao mlinzi?

Mjumbe: Mlinzi yupi?

Side Boda: Yule mzee wa koti.

Mama Zuu: Aliacha kazi tangu Oktoba. Alisema akilipwa ndiyo atarudisha funguo.

Fundi Seremala: Nitakuja na nyundo.

Mjumbe: Fundi, HAPANA. Nampigia mzee sasa hivi.