Eti "tairi lina bethdei?" Yule jamaa wa matairi leo kanimaliza

Wakuu nimetoka pale sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Mnamjua ninayemsema, yule anayekalia rimu kama kiti cha enzi, sauti ya mnadani.

Demio yangu ya 2019 imetoka bandarini juzi tu, imekuja na matairi yake ya kiwandani, saizi 185/65R15, kashata (yale meno ya tairi) zimesimama. Nilipita pale kujaza upepo TU. Jamaa akaingiza kucha kwenye kashata, akaguna kama daktari ameshika majibu mabaya, eti bosi haya ya 2019 yamezeeka, Chalinze hufiki. Na mimi kwa woga wangu nikatoa laki sita na nusu nikafungiwa manne "mapya", ya kwangu akabaki nayo kwa elfu arobaini.

Jana pancha. Dogo wa pancha anapaka povu la sabuni atafute panapovuja, mara ananiita, braza hebu soma hapa. Namba nne za mwisho kwenye DOT, ile kodi ya kiwandani ubavuni mwa tairi: 1116. Wiki ya 11, mwaka 2016!! Na ubavu wenye hiyo namba uligeuziwa ndani, kwa nje huoni kitu. Yaani kanivua ya 2019 kwa sababu ya uzee akanivalisha kaka zake.

Leo nimemfuata na jazba zangu. Kaniangalia, kawageukia wateja, kasema: "Kwani tairi lina bethdei? Nikuletee keki?" KEKI wakuu! Watu wote wakaangua kicheko, muuza kahawa kacheka mpaka kamwaga kashata (zile za kula). Na nyuma yake matairi yangu yamepakwa kiwi yanang'aa, yameandikwa kwa chaki OG JAPANI. Hela nitatafuta nyingine. Keki lakini??

Suka wa Usiku: Ya vanila au chokoleti mkuu?

Mzee wa Spea: Umepigwa kwa uvivu wa kusoma. Makampuni ya magari mengi yanasema anza kuwaza kubadili kwenye miaka 6, ya matairi yanasema mwisho 10. Kama hayakuwa na nyufa ulikuwa unatembelea tu huku unayakagua.

Mleta uzi: Sawa mzee nimekusikia, ila kasema KEKI, mbele ya watu, na mimi nimechomekea.

Bint Pwani: Demio nayo ya kuchomekea 😂😂 Afadhali wewe, yangu ilikuja na studless, matairi ya theluji! Lami ya Dar saa nane mchana yanalainika kama bigijii, miezi michache tu yakawa vipara.

Kaka Mkubwa: Mnalia matairi, spea je? Nimefungua buti nikakuta kikopo cha gundi na kipampu cha kuchomeka kwenye sigareti laita. Siku tairi likichanika ubavuni utaligundisha na nini

Suka wa Usiku: Spea sihitaji, mimi redio. Inaishia FM 90, ya Kijapani hii, stesheni zote ninazozipenda ziko juu huko

Bint Pwani: Weka ekspanda, kile kidude cha kuongeza masafa ya redio.

Suka wa Usiku: Niliweka, sasa stesheni mbili zinaongea kwa pamoja

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada basi, kuhusu ile keki

Kaka Mkubwa: Ekspanda sh ngapi siku hizi?