Mnaofanya kazi, mlinyonyeshaje baada ya likizo kwisha? Tupeane uzoefu

Salaam kina mama. Niko Kampala, mwanangu ana wiki tisa. Sheria ya ajira ya 2006 inatupa siku 60 za kazi, na zangu zinaishia. Kliniki wanasisitiza miezi 6 maziwa ya mama matupu, hata maji asionje. Mliopita hapa mlifanyaje?

Mwalimu, Bombo
Dada, anza kukamua sasa, usingoje siku ya kurudi. Mimi siku ya kwanza nilipata vijiko vitatu, nikalia. Lakini ziwa ukilitoa linajaza, ukiliacha linapunguza. Wiki ya pili nilikuwa najaza kikombe kila alfajiri. Pampu sina, natumia mkono: nanawa, naweka kitambaa cha maji ya moto kwenye titi, kidole gumba juu na vingine chini, nyuma ya lile duara jeusi, nabonyeza naachia. Usivute chuchu, utajiumiza bure. Friji pia sina, na maziwa yasikae nje zaidi ya masaa manne, kwa hiyo mama mkwe anampa mapema asubuhi, mchana boda inanifikisha nyumbani nikamnyonyesha mwenyewe.

Muuza mitumba, Busia
Sisi wa sokoni likizo hatuna. Nilirudi na mtoto mgongoni. Jirani wa meza ananishikia wateja nikinyonyesha, naye akijifungua nitamshikia.

Karani, Ntinda
Ofisini niliambiwa nikamulie chooni. Nilikataa. Chakula cha mtoto hakiandaliwi chooni! Nilimfuata msimamizi mara tatu mpaka nikapewa stoo ya mafaili, kiti kimoja na ufunguo. Nakamua saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, naweka kwenye friji, jioni nabeba na barafu. Kwenye friji yanakaa hadi siku nne, andika tarehe kwenye chupa.

Aliyeanzisha
Mungu awabariki. Nimejaribu sasa hivi, vijiko viwili. Je, akikataa chupa? Na usiku?

Mwalimu, Bombo
Mpe kwa kikombe kidogo, wangu alijua kunywa kwa siku mbili tu. Na usiku nyonyesha, dada. Homoni ya maziwa hupanda zaidi usiku. Nilipomhamishia kwa bibi yake ili nilale, mchana nilikauka. Nilipomrudisha chumbani kwangu, siku ya nne blauzi ikaloa tena darasani.