Biashara ya zawadi za "wapenzi wa teknolojia" inaishi kwa adabu ya mpokeaji, na mimi adabu imeniishia

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu huku mbele yangu kukiwa na kipashajoto cha kikombe, kile kinachochomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta, ambacho nimekifumua kwa bisibisi baada ya kukivumilia kwa wiki tatu. Ndani yake mna rezista mbili, yaani vijipande vinavyopata joto umeme unapopita, zilizobandikwa kwa gundi chini ya bamba jembamba la bati, pamoja na taa nyekundu ambayo kazi yake pekee ni kumfanya mtu aamini kuwa kuna jambo linaendelea. Basi. Nilipewa na mwenzangu wa kazini kwa sababu, kama wengi wenu humu, mimi ndiye ninayeitwa kompyuta ya mtu inapogoma.

Aliyenipa simlaumu hata kidogo, kwa kuwa aliona picha ya kikombe kinachofuka mvuke akaamini. Lawama zangu ni kwa waliokiunda, maana haiwezekani wasijue. Tundu la USB 2.0, kwa kanuni zake, hutoa volti 5 na mkondo usiozidi miliampia 500, yaani wati 2.5. Mililita 250 za maji huhitaji takribani jouli 1,050 za nishati ili zipande nyuzijoto 1 ya Selsiasi, kwa hiyo wati hizo zitatumia dakika 7 kwa kila nyuzi, na kuyapandisha maji kutoka 25 hadi 60 kutachukua saa 4 na ushei, tena kwa sharti kwamba kikombe kisipoteze joto hata chembe. Kikombe cha moto kilicho wazi hupoteza joto kwa kasi inayozidi wati 2.5 mara kadhaa. Nilijaza maji ya moto katika vikombe viwili vinavyofanana, kimoja nikakiweka juu ya kifaa na kingine juu ya meza tupu, nikavipima kwa kipimajoto. Baada ya nusu saa tofauti yao ilikuwa nyuzi 2. Kisahani cha kufunikia kingenifaa zaidi, na hakidai waya.

Hiki si cha kwanza. Ninayo pia taa ya nta (lava lamp), ile ambayo Mwingereza Edward Craven Walker aliiingiza sokoni mwaka 1963, na ambayo uzuri wake wote unategemea joto: balbu ya kizamani iliyo chini huyeyusha nta, nta inatanuka na kuwa nyepesi kuliko kimiminika kinachoizunguka, inapanda, inapoa juu, kisha inashuka tena. Yangu imewekewa taa ya LED. Mtu fulani, mahali fulani, aliondoa balbu iliyokuwa ndiyo moyo wa chombo kizima, akaweka taa isiyotoa joto la kutosha, kisha akachapisha kwenye boksi picha ya mapovu yanayopanda. Nta yangu imelala chini kama donge la sabuni tangu siku niliyoifungua.

Zawadi nyingine, tufe linaloelea hewani kwa sumaku, nalikubali kidogo, kwani angalau linaelea, ingawa picha ya boksi imeficha waya wa umeme kana kwamba ni aibu. Mwanahisabati Mwingereza Samuel Earnshaw alikwisha kuonyesha katika karne ya 19 kwamba sumaku za kudumu zilizotulia haziwezi peke yake kukishikilia kitu hewani kikatulia. Ni lazima sumaku-umeme irekebishwe kila mara na kihisi. Umeme ulipokatika, tufe langu lilianguka na kubonyea.

Linalonikera kuliko yote ni jinsi biashara hii ilivyojengwa. Anayenunua si anayetumia. Anayetumia hana risiti, hawezi kurudisha, na mwenzake anapomuuliza kwa uso wa furaha, "Kinafanya kazi?", anajibu kwamba kinafanya kazi vizuri sana. Mimi nilijibu hivyo hivyo, mara mbili. Mnunuzi akaenda kuipa bidhaa sifa zote, muuzaji akaagiza mzigo mwingine, na malalamiko yaliyopaswa kumfikia mtengenezaji yakaishia kwenye droo yangu, chini ya waya za chaji.

Ningeendelea kunyamaza kama si kishikio cha funguo nilicholetewa mwezi uliopita, chenye sauti za michezo ya kompyuta, ambacho kifuniko chake cha betri kinafunguka kwa ukucha. Hakina skrubu. Ndani yake mna betri tatu bapa za mfano wa kifungo, na nyumbani kwangu kuna mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Betri ya namna hiyo ikikwama kwenye umio inaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2, hata ikiwa imechoka kiasi cha kushindwa kuwasha kifaa. Kwenye boksi, onyo limechapwa kwa herufi ndogo kuliko jina la rangi ya plastiki.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Kama yupo aliyepewa kifaa cha aina hii kikafanya kile kilichoandikwa kwenye boksi, aweke hapa vipimo vyake: wati, nyuzijoto, muda. Picha za boksi ninazo tayari.